Je, wajua? Ini lenye kasi si lazima liwe kinga ya sumu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mbele ya sumu watu hutofautiana kwa jambo moja tu: mwenye ini la kasi huiondoa mapema akabaki salama, mwenye ini zito huumia. Kosa langu lilijificha kwenye neno "husafisha". Ini halifui sumu kama nguo. Huigeuza. Hupokea kemikali ngeni na kuifanya kemikali nyingine, ambayo kwa kawaida huyeyuka vizuri zaidi kwenye maji na kutoka na mkojo. Mara nyingi hiyo mpya ni pole kuliko ya kwanza. Mara nyingi, si mara zote.

Chukua gongo au chang'aa iliyotiwa methanoli, aina ya pombe ya viwandani. Methanoli yenyewe hulevya tu. Kinachopofusha macho ni asidi ya fomiki, na hiyo hutengenezwa na vimeng'enya vya mnywaji mwenyewe, yaani protini za mwili zinazogeuza kemikali moja kuwa nyingine. Ndiyo maana hospitalini mgonjwa huweza kupewa ethanoli, yaani pombe ya kawaida, ili kimeng'enya kishughulike nayo na kuiacha methanoli ipite. Mtu anaokolewa kwa kulizubaisha ini lake.

Tofauti za kurithi huonekana wazi zaidi kwenye kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi. Kodeini peke yake haitulizi maumivu kwa kiasi cha maana. Ni lazima kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 kiigeuze kuwa mofini, dawa kali ya maumivu, na kwa mtu wa kawaida hugeuka sehemu ndogo tu, kama asilimia 5 hadi 10.

Fikiria mashine ya kusaga kijijini. Kodeini ni mahindi, mofini ni unga, na jeni ya CYP2D6, yaani maelekezo ya kurithi ya kutengeneza kimeng'enya hicho, ndiyo mashine. Wengi wetu tuna mashine mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wako ambao zote mbili ni mbovu: wanapeleka gunia, wanarudi na gunia, na maumivu yako palepale. Miongoni mwa Wazungu hawa ni kama asilimia 5 hadi 10. Wengine wamerithi mashine za ziada. Kwao unga humwagika kwa mkupuo, na kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye kichupa kinaweza kupunguza pumzi, hasa kwa mtoto. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka 12 wasipewe kodeini, na hatari hii ni sehemu ya sababu.

Mashine ngapi za ziada? Mwaka 1993 watafiti wa Sweden walieleza habari za baba na watoto wake wawili waliokuwa na nakala 12 za jeni hiyo. Kumi na mbili! Hiyo ni ajabu ya familia moja, lakini mwaka 1996 uchunguzi uliofanywa kwa Waethiopia ulikuta asilimia 29 wana nakala za ziada, wakati Ulaya ya kaskazini ni asilimia moja au mbili.

Kwa nini Ethiopia? Wapo wanaodhani kwamba zamani, njaa ilipowalazimisha watu kula mimea yenye alkaloidi, kemikali za mimea ambazo nyingi ni sumu, wenye mashine nyingi ndio waliopona. Dhana hiyo inapendeza, ila ushahidi wake ni mwembamba. Na jeni hazisemi yote: dawa nyingine, kama fluoxetini ya sonona, huikwamisha hata mashine isiyo na ubovu, na figo mbovu huacha mabaki ya mofini yakijikusanya hata kwa mwenye ini la kawaida.

Wala mwenye mashine mbovu asijipongeze. Kodeini haimtishi, lakini amitriptilini, inayotolewa kwa sonona na maumivu ya neva, hupita kwenye kimeng'enya hichohicho ili iondoke mwilini. Kwake huondoka polepole, na kipimo ambacho jirani yake anakimeza bila shida kinaweza kumrundikia dawa kwenye damu hadi imdhuru.