Ziwa Ol Bolossat Likikauka, Mbwa Abaki na Kamba

Kila maji yanapopungua Ol Bolossat, ziwa la Kaunti ya Nyandarua, Kenya, malalamiko ofisini kwetu hupanda: mbwa wamefukuza ndege, mchungaji ameng'atwa, mwenye mbwa hajulikani. Wanaokuja kutembea huko wengi wana nia njema, na mbwa anahitaji mazoezi. Ila ziwa lililokauka si shamba lisilo na mwenyewe. Eneo hili lilitangazwa na serikali mwaka 2018 kuwa ardhioevu inayolindwa, na ulinzi huo hauondoki maji yakiondoka.

Ndege aitwaye korongo taji hutaga mayai mawili au matatu ndani ya matete, na vifaranga hukaa kama miezi mitatu kabla ya kuruka. Mbwa hahitaji kuua. Akiwafukuza wazazi, mayai hupoa na kunguru huyaona. Kwa hiyo tunaomba mbwa afungwe kamba, na jibu la "mbwa wangu ni mpole" tumelisikia mno. Kifaranga hajui upole wa mbwa wako.

Halafu kuna viboko. Hujilisha nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri, na hatari kubwa ni kusimama kati yao na maji. Mbwa asiyefungwa humbwekea kiboko, kisha humkimbilia bwana wake. Tembea jua likishapanda.

Kuhusu kichaa cha mbwa: chanjo hutolewa mbwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Beba kadi. Tunaangalia tarehe, muhuri na sahihi ya daktari wa mifugo. Kadi iliyopitwa na wakati ni sawa na kukosa kadi. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo. Mafuta ya taa na pilipili si dawa, tafadhali.

Mbwa aliyeng'ata asiuawe. Afungiwe na achunguzwe siku 10. Akifa, mzoga usizikwe kabla ofisa wa mifugo hajauona, kwa kuwa kichwa huhitajika maabara. Ukishuku kichaa, Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inakutaka utoe taarifa kwa ofisa au polisi, na kunyamaza ni kosa. Kumhamishia mbwa kwa shemeji Nyahururu hakusimamishi uchunguzi.