Mbwa wa Labrador hakutokea Labrador

Wengi wanaamini kwamba mbwa aina ya Labrador asili yake ni Labrador, eneo la baridi mashariki mwa Kanada. Si ajabu, jina lenyewe linasema hivyo. Lakini wazazi wake wa kale walitoka kisiwa jirani cha Newfoundland, ambako wavuvi waliwatumia kuvuta kamba na kurudisha samaki waliochomoka kwenye ndoana. Mwanzoni mwa karne ya 19, meli za samaki ziliwafikisha bandari ya Poole, Uingereza, na huko Uingereza ndiko aina ya leo ilikokuzwa, kwa kazi ya kuokota ndege waliopigwa risasi na wawindaji.

Fungua ramani uone mlango wa bahari unaotenganisha Labrador na Newfoundland. Ukimpata mbwa mwenyewe, tenganisha manyoya yake kwa vidole: utakuta tabaka mbili, la chini laini na zito, la juu lenye mafuta yanayozuia maji. Mkia mnene, kama wa fisi maji, humsaidia kugeuka akiogelea.

Upole wake ni wa kweli, ila usiudhani uvivu. Anahitaji kukimbia kila siku, na chakula apimiwe, maana hunenepa upesi. Mpapase ubavuni: usipozihisi mbavu, amezidi uzito.