Nani ajue kuwa uko peke yako? Usalama wa mwanamke anayesafiri na kulala garini

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi darasani halihusu fisi wala nyoka. Ni hili: "Mwalimu, nikilala peke yangu garini nikashusha kioo nipate hewa, mtu si ataingiza mkono?" Anayeuliza ni mwanamke mwenye Noah au Hiace iliyotolewa viti vya nyuma, ndani kuna godoro, neti na jiko dogo la gesi. Anataka kutoka Dar es Salaam Ijumaa, alale Bagamoyo, Saadani au Mikumi, bila kumngoja mtu wa kufuatana naye. Kazi yangu ni kufundisha usalama wa safari kwa wanaojiandaa kuongoza watalii hapa jijini. Zamani swali hilo lilitoka kwa wageni. Sasa linatoka kwa dada zetu wa Tabata, Mbezi na Kigamboni, na wanastahili jibu lililo kamili.

Jibu wanalopewa mitaani ni "usiende." Silikubali. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 yanaonyesha kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na sehemu kubwa ya ukatili huo hufanywa na mume au mpenzi. Hatari haikuanza siku mwanamke alipowasha gari akatoka nyumbani. Hata hivyo, safari ya peke yako ina hatari zake, na hizo zina namna ya kupunguzwa.

Ushauri mwingi ulioandikwa kuhusu jambo hili umetoka Marekani na Ulaya, ambako kuna viwanja maalumu vya magari ya kulala, vyenye umeme, maji na vyoo. Baadhi unatufaa, baadhi hautufai hata kidogo. Mfano mdogo ni giza. Kiangazi cha Ulaya mtu anaweza kutafuta pa kulala saa 3 usiku na bado akaona. Hapa Dar es Salaam jua huzama takribani kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni, mwaka mzima, na likishazama giza haliombi ruhusa: ndani ya nusu saa huoni tena sura ya mtu. Kwa hiyo wanafunzi wangu nawaambia wafike saa 10 jioni. Ukiwa na saa mbili za mwanga utaona choo kiko wapi, mlinzi ni nani, majirani ni watu wa aina gani, na bado utakuwa na muda wa kuondoka kama moyo umekataa. Ukiona hupapendi, ondoka. Huhitaji kuwa na sababu ya kumweleza mtu.

Watu wachache wajue, wengine wasijue

Nikilazimishwa kuchagua fundisho moja tu, ningechagua hili: amua nani ajue kuwa uko peke yako. Tunakosea kwa pande mbili. Kuna anayejificha kabisa, analala kichakani bila mtu yeyote kujua, akipatwa na jambo hakuna wa kumtafuta. Na kuna anayemwambia kila mtu: muuza mafuta, bodaboda aliyemwelekeza njia, pamoja na wafuatiliaji wake wote mtandaoni, kwa picha ya machweo yenye jina la ufukwe. Picha ziweke ukishaondoka. Machweo hayataharibika yakikaa kwenye simu siku mbili.

Wanaopaswa kujua ni mtu mmoja wa nyumbani, mwenye kambi au mlinzi wake, na kama umeingia kijijini, uongozi wa kijiji. Hapa sisi tuna hazina ambayo wenzetu wa ng'ambo hawana. Ukifika kijiji usichokifahamu, usiegeshe kwanza. Muulize mama yeyote dukani nyumba ya mwenyekiti au ofisi ya mtendaji iko wapi, nenda upige hodi, toa shikamoo, jitambulishe unatoka wapi na unakwenda wapi, omba uonyeshwe pa kulala. Mara nyingi utaelekezwa uani kwake, au karibu na shule au zahanati. Kuanzia hapo wewe ni mgeni wa mwenyekiti, na atakayekusogelea vibaya anajua nani atamuuliza. Msalimie mke wa mwenyekiti pia, na usifanye haraka kuondoka hapo. Mara nyingi yeye ndiye atakayekuambia ukweli kuhusu nani wa kuepukwa.

Kwa wengine wote, una ruhusa yangu kudanganya. Utaulizwa, tena kwa upole tu, maana ndivyo tulivyo: "Shemeji yuko wapi? Uko na nani?" Jibu, "Wenzangu wako nyuma, wanaongeza mafuta." Usiseme kwa kusita wala usiongeze maelezo. Kuna mbinu ya zamani ya kutoa viti viwili nje ya gari, au kuacha viatu vikubwa vya kiume mlangoni. Inasaidia pale ambapo hakuna aliyekuona ukiingia. Kambini, ambako wahudumu wamekupokea ukiwa mmoja, haina kazi. Huko kinachokulinda ni mlinzi anayejua jina lako.

Sasa hodi. Tumelelewa kuitikia "karibu" kabla hata ya kujua nani anabisha, na kuacha hodi bila jibu ni utovu wa adabu. Usiku garini adabu hiyo iweke pembeni. Mtu akigonga, usifungue mlango wala usishushe kioo zaidi. Uliza kwa sauti nzito: "Nani? Unasemaje?" Kama ni mlinzi, atajitaja, na utampigia simu namba uliyopewa mapokezi ili uone kama yake inaita. Akisema ni polisi, mwambie utamfuata kwa gari hadi kituo cha karibu. Mwenye nia njema ataelewa. Asiyeelewa amekupa jibu.

Gari lenyewe

Egesha gari likitazama njia ya kutokea. Kiti cha dereva kisiwe na begi wala sufuria. Ufunguo ukae mahali pamoja kila usiku, ili mkono uufikie gizani. Kisha fanya zoezi nyumbani kwako: lala, jifunike, halafu jipe dakika moja uwe umewasha gari na linatembea. Wengi mara ya kwanza hushindwa kwa sababu ya pazia, miwani au kandambili iliyonasa chini ya pedali. Ni heri kushindwa Tabata kuliko Saadani.

Hema linalofungwa juu ya gari ni zuri kwa hewa na linakuweka mbali na wadudu, lakini kwa mwanamke aliye peke yake lina kasoro ambayo wauzaji hawaisemi: huwezi kuondoka bila kushuka ngazi nje. Gari unaloweza kutoka kitandani hadi usukani bila kugusa ardhi lina usalama zaidi. Kama una hema la juu, chagua kambi yenye mlinzi na taa, wala si porini.

Kuhusu kioo: joto la Dar es Salaam mwezi wa pili halikuruhusu kufunga vyote, na anayekuambia ufunge hajawahi kulala humo. Shusha viwili vinavyotazamana, upana wa vidole viwili, mkono usipite. Weka neti kwa ndani. Egesha upepo uingie ubavuni: kusi katikati ya mwaka, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Feni ndogo ya kuchaji humalizia iliyobaki.

Choo ndicho kinachowatoa wanawake garini saa 8 usiku, na watu wanaona haya kukizungumzia. Kutembea peke yako gizani hadi choo cha kambi, ukiwa nusu usingizini, ndio wakati unaokuweka wazi kuliko wote, iwe kwa binadamu au kwa mnyama. Nunua ndoo yenye mfuniko unaobana, weka mfuko na vumbi la mbao au majivu ndani. Asubuhi utaimwaga chooni. Hiyo ndoo ina thamani kuliko kufuli la pili.

Nisisitize jambo ambalo halina uhusiano na wanaume waovu, maana linaua kimya. Lushoto, Njombe na Ngorongoro kuna baridi kali usiku, na mtu wa Pwani asiyeizoea hushawishika kuingiza jiko la mkaa garini au hemani. Usifanye hivyo hata kwa dakika chache, hata kama moto umebaki makaa tu. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi, na usingizi huo anaweza asiamke. Kuwasha injini ya gari lililosimama usiku kucha ili upate kiyoyozi nako kuna hatari hiyo hiyo, moshi ukipata upenyo. Blanketi la pili na chupa ya maji moto vinatosha. Mtungi wa gesi nao ufungwe kabla ya kulala. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia chini, pale pale lilipo godoro. Ukiinusa usiwashe chochote, fungua milango, toka. Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Porini na barabarani

Katika hifadhi, lala kwenye kambi iliyotengwa, na kwa safari za mwanzo chagua kambi ya umma badala ya zile za pekee zisizo na huduma wala jirani. Matunda yasikae hemani. Tembo ana pua kali kuliko unavyodhani na hema halimzuii. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hukatisha ndani ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na wanyama huvuka usiku. Usipange kuipita gizani.

Mimi mwenyewe gari liliwahi kunizimikia kabla ya Chalinze, saa 11 jioni. Nilikata matawi nikayapanga barabarani nyuma ya gari, kama kila dereva wa nchi hii anavyojua, nikaweka na pembetatu. Kabla sijarudi kukaa, pikipiki moja yenye vijana wawili ikasimama. Huenda walikuwa watu wema. Sikuwa na njia ya kujua. Niliwashukuru nikasema fundi yuko njiani, kisha nikavuka kwenda kwa kina mama waliokuwa wakiuza machungwa upande wa pili, nikawaomba wao wanitafutie fundi. Mmoja akampigia mtoto wa dada yake. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kati yao mpaka gari likawaka. Tangu siku ile nafundisha hivi: anayekuja kukusaidia amekuchagua wewe. Ukiweza, mchague wewe wa kukusaidia, na anza na mwanamke aliye kazini kwake.

Likitokea baya, piga 112, namba ya dharura ya polisi, haihitaji salio. Kama umeumia, anza hospitali. Kama umebakwa, muda una maana kubwa: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema. Jitahidi usioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huzivundisha. Polisi hutoa fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha yako, na una haki ya kuomba Dawati la Jinsia na Watoto, ambako utazungumza faraghani. Hapa jijini, hospitali ya Amana ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako matibabu, ushauri nasaha na msaada wa kisheria hupatikana pamoja. Atakayekuuliza kwa nini ulilala huko peke yako, hulazimiki kumjibu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inamshitaki aliyetenda, na haimuulizi mwanamke alikuwa wapi.

Safari ya kwanza iwe ya usiku mmoja Kigamboni, kwenye kambi yenye uzio pale Mjimwema au mbele kidogo. Utagundua umesahau kiberiti na neti ina tundu, na nyumbani ni mwendo wa kivuko au daraja.

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu wako karatasi, sio ujumbe unaozama kwenye simu: namba na rangi ya gari, kambi na simu yake, saa utakayofika, njia utakayopita. WhatsApp inaweza kuonyesha ulipo kwa saa nane tu kwa mara moja, na mtandao ukikatika inabaki pale pale, kwa hiyo kila jioni tuma pia ujumbe mfupi wa kawaida, ambao hupita hata mtandao ukiwa dhaifu. Kubalianeni: ikifika saa 2 usiku hujaandika, anakupigia, usipopokea, anaipigia kambi, kambi isipojibu, anapiga 112 na kusoma ile karatasi. Na muwe na sentensi yenu ya siri kwa wakati ambapo mtu amesimama karibu yako na huwezi kusema. Dada yangu nami tumekubaliana juu ya paka. Nikimuuliza, "Umemlisha paka?" hatauliza paka gani. Nyumbani kwetu hatujawahi kufuga paka, na yeye atakuwa tayari anapiga simu.