Kigong'ota Mwenye Mgongo wa Dhahabu: Tazama Kisogo Kwanza

Katika mikoko ya pwani ya magharibi ya Malaysia, kigong'ota mwenye mgongo wa dhahabu na kiuno chekundu anaweza kuwa mmoja wa ndege wawili wasio na undugu wa karibu. Mdogo ni Dinopium javanense, mwenye urefu wa sentimita 30 hivi, na mkubwa ni Chrysocolaptes guttacristatus, anayefikia sentimita 33. Tofauti hiyo haimsaidii mtu anayemtazama ndege aliye peke yake juu ya mti, na mgongo ndio unaopotosha zaidi kwa sababu ndio unaoonekana kwanza. Nilipoanza kazi hii niliandika daftarini jina la yule mdogo kwa kuuona mgongo tu, kisha ndege akageuza shingo, nikalazimika kufuta niliyoyaandika asubuhi nzima.

Tangu siku hiyo huanza na kisogo. Cha Dinopium ni cheusi mpaka mgongoni, ilhali cha Chrysocolaptes ni cheupe, na weupe huo huonekana hata kwenye kivuli kizito. Ndege akikuelekezea shavu, fuata mstari mweusi unaoshuka kutoka kwenye pembe ya mdomo: wa Dinopium ni mmoja tu, na wa Chrysocolaptes hugawanyika mara mbili na kuzingira kipande cheupe. Mdomo wa Chrysocolaptes ni mrefu zaidi na jicho lake ni la rangi hafifu, ilhali jicho la mwenzake ni la kahawia iliyokoza. Madume wa aina zote mbili wana kishungi chekundu. Kwa majike, weusi wa utosi hupambwa na michirizi myembamba myeupe kwa Dinopium, na madoa meupe ya mviringo kwa Chrysocolaptes. Alama isiyo na ubishi ni mguu, kwa kuwa Dinopium javanense ana vidole vitatu na mwenzake ana vinne, lakini kuvihesabu kwa darubini kunahitaji subira na mwanga mzuri.

Kufanana huku kunanivutia kuliko jambo jingine lolote kuhusu ndege hawa. Chrysocolaptes yuko karibu zaidi kiukoo na vigong'ota wakubwa wa jenasi Campephilus wa mabara ya Amerika kuliko alivyo na Dinopium anayeishi naye msitu mmoja. Nchini Sri Lanka, ambako Chrysocolaptes stricklandi ana mgongo mwekundu, Dinopium psarodes wa huko naye ana mgongo mwekundu. Rangi ya mmoja inapobadilika, ya mwingine inaifuata. Baadhi ya wataalamu hueleza kwamba mdogo hufaidika kwa kufanana na mkubwa, kwa sababu ndege wengine humwogopa na kumpisha penye chakula. Naona maelezo hayo yana nguvu, ingawa kuyathibitisha porini ni kazi ngumu.

Kwa tabia, wote wawili hutembea jozi na kuitana kwa sauti kali za mfululizo. Dinopium huridhika na miti iliyotawanyika, mashamba ya minazi na bustani, ilhali Chrysocolaptes hupendelea mahali penye miti mikubwa. Hupanda shina wakiegemea mkia mgumu, wakibandua magome kutafuta sisimizi na mabuu, ambao huvutwa nje kwa ulimi mrefu wenye ute. Dume wa Chrysocolaptes hugonga mti kavu kwa nguvu, na mlio wake husikika mbali kuliko ule wa Dinopium, ambao ni laini zaidi. Kwa sikio lililozoea, hiyo ni dalili nzuri kabla hata ya kumwona ndege mwenyewe.

Tundu la Dinopium huchimbwa kwenye shina au tawi lililokufa, na jike hutaga humo mayai meupe mawili au matatu. Ukilipata, kaa mbali na usubiri kimya, kwa maana ndege anayetoka au kuingia hutulia kidogo mlangoni, na hapo kisogo, shavu na jicho huonekana vyote kwa pamoja.