Sindano ya kesho siichomi leo

"Daktari, nichome zote leo nirudi zangu." Mama aliyeniomba hivyo alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi pamoja na binti yake, filgrastimu, sindano ya kuongeza seli nyeupe za damu baada ya kemo (dawa za kuua saratani), wameibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu. Nauli inauma, najua. Lakini nilikataa.

Ndani ya uboho wa mifupa zimo seli shina, wazazi wa damu yote mwilini. Nyingi hulala. Kemo huwinda seli inayojigawa, iwe ya saratani au ya damu. Seli shina iliyolala husalimika. Wanaokufa ni watoto wake walio mbioni kuongezeka. Seli nyeupe za kupambana na bakteria hukaa kwenye damu kwa saa chache tu, hivyo pengo lake huonekana mapema, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14. Seli nyekundu huishi kama siku 120, hazipungui kwa kasi hiyo.

Filgrastimu huuhimiza uboho uzalishe. Ukiichoma kemo ikiwa bado mwilini, unaziamsha seli changa na kuzipeleka machinjioni. Ndiyo maana tunasubiri angalau saa 24.

Ipo na njia ya kinyume, nayo hunifurahisha sana: kuzilaza kabla. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha trilaciclib kwa saratani ya mapafu ya seli ndogo iliyosambaa. Hutolewa kwa dripu ndani ya saa 4 kabla ya kemo, ikafunga kwa muda vimeng'enya CDK4 na CDK6, ambavyo seli shina huvihitaji ili ianze kujigawa. Mbona saratani nayo isilale? Kwa sababu karibu kila mara saratani hiyo imepoteza RB, protini inayofanya kazi ya breki, na dawa hii hutegemea breki hiyo. Seli zake huendelea kujigawa, kemo ikazikuta macho. Kwa saratani yenye breki nzima hatuwezi kuitumia kiholela, tusije tukamlaza adui.

Tulimfundisha binti kuchoma chini ya ngozi ya tumbo. Dawa tukaiviringisha kitambaa isigusane na barafu, maana haitakiwi kuganda. Nikawasisitizia: homa ikifika nyuzi 38, hospitali ya karibu saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Dripu ya kemo iliisha saa tisa alasiri. Kwenye kadi nikaandika kwa herufi kubwa: KESHO, SAA KUMI JIONI.