Shule ya msingi si ya watoto peke yao

Wengi huamini shule ya serikali ni ya wanafunzi tu: kengele ya mwisho ikilia, mtu mzima hana lake pale. Mambo ni mapana zaidi. Tanzania ilipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, shule za msingi ndizo zilizobeba kisomo. Jioni akina mama na wazee walikalia madawati yaleyale ya watoto, magoti yakigonga mbao. Baadaye yakaja madarasa ya MEMKWA, kwa watoto waliokosa kuanza shule kwa wakati, na ya MUKEJA kwa watu wazima. Si kila shule inayo, basi ulizia kwa mwalimu mkuu au afisa elimu kata. Usiishie kwa mlinzi wa getini. Huenda yeye haijui ratiba ya jioni.