Losheni ya jua: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kaskazi ikianza kuvuma na Dar ikageuka tanuri, maduka ya vipodozi hujaa chupa za losheni ya kuzuia jua, kila moja na namba yake ya SPF, yaani kipimo cha kinga. Maneno nayo hujaa. Nimeyasikia saluni, nimeyasikia kwa mashangazi, na mengine niliwahi kuyaeneza mwenyewe.

"Mweusi hahitaji." Hili ndilo sugu kuliko yote, na halifi kwa sababu lina chembe ya ukweli. Melanini, rangi asilia ya ngozi, ni kinga kweli. Hatubabuki upesi kama mtalii aliyeshuka Zanzibar jana, na saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni nadra kwetu. Bob Marley, ambaye watu hupenda kumtolea mfano, alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa mguu, na aina hiyo haihusishwi na jua. Ila madhara ya jua hayaishii kwenye kuungua. Madoa yaliyoachwa na chunusi, na yale yanayowatoka wajawazito mashavuni, jua huyakoleza. Usiku unapaka dawa ya bei mbaya, mchana jua linabomoa ulichojenga. Anayetumia mkorogo ndiye kabisa: kinga aliyozaliwa nayo ameichubua kwa mkono wake. Na kwa wenye ualbino huu si urembo hata kidogo, ni uhai. Ndiyo maana pale KCMC, hospitali kubwa ya Moshi, ilianza kutengenezwa losheni maalumu kwa ajili yao, Kilisun.

"SPF 100 inakinga mara mbili ya 50." Haiko hivyo. SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya UVB, miale ya jua inayounguza ngozi; 30 huzuia 97, na 50 huzuia 98. Ukishavuka hapo unalipia namba. Isitoshe, namba hiyo hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba, wakati sisi tunapaka kama tunaazima. Kwa uso na shingo, chora mistari miwili ya losheni kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, toka shina hadi ncha. SPF 30 iliyopakwa hivyo inaishinda 50 ya kupakwa kwa uchoyo.

Tena SPF inaipima hasa hiyo UVB. Miale mingine, UVA, inayozeesha ngozi na kukoleza madoa, inapenya hata kioo cha daladala, kwa hiyo siti ya dirishani si kivuli. Geuza chupa utafute herufi UVA ndani ya duara, au PA yenye alama tatu au nne za kujumlisha.

"Zote zinaacha uso kama umepakwa unga." Zenye madini ya zinki oksidi au titani dioksidi mara nyingi ndivyo zilivyo. Zenye vichujio vya kemikali huyeyukia ngozini zisionekane. Mimi nasifu zaidi zile zenye rangi ya kahawia: oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao kwenye ngozi nyeusi nao hukoleza madoa. Jaribu tone moja kwenye taya, kisha toka nje ujitazame. Taa za dukani zinadanganya.

"Leo kuna mawingu." Joto na miale ni vitu viwili. Nairobi ya Julai inakufanya uvae sweta, na bado miale mingi inapita mawinguni, tena mji uko juu ambako hewa ya kuichuja ni nyembamba. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali.

"Hii haitoki majini." Hutoka. Zinazostahimili maji hupimwa kwa dakika 40 au 80, basi. Ukiogelea, ukitoka jasho au ukijifuta taulo, paka tena. Hata ukikaa mkavu, rudia kila baada ya saa mbili. Mafuta ya nazi nayo yabaki kwenye nywele na wali, kinga yake ni ndogo mno.

Mwili mzima wa mtu mzima unataka kama mililita 30 kwa mpako mmoja, maana yake chupa ya mililita 100 haifiki mara nne. Mfuko wangu hauwezi. Chupa yangu ni ya uso, masikio, shingo na mikono. Kwingine natumia kofia pana na kanga, tena kanga kavu, kwani pamba ikilowa inapitisha miale zaidi.